Namna ya kuwaandaa wasimamizi wa mto unaovuka mpaka: mwongozo kutoka Mto Mara

Mto Mara unaanzia Kenya, kwenye kinamasi cha Enapuiyapui juu ya milima ya Mau, karibu mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, na unaishia Tanzania ndani ya Ziwa Victoria karibu na Musoma. Urefu wake ni kama kilomita 395. Takribani thuluthi mbili za bonde lake ziko Kenya na thuluthi moja iko Tanzania. Mkulima wa Bomet anayemwagilia kabichi na mfugaji wa Tarime anayenywesha ng'ombe wanatumia maji yale yale, ila kila mmoja ana serikali yake, sheria yake na ofisi yake ya vibali.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa kazi ya kuandaa mafunzo ya watu watakaosimamia mto wa namna hii: afisa wa bonde, wa kaunti au halmashauri, mfanyakazi wa shirika, mhadhiri. Niseme mapema ninachokiamini. Mafunzo mengi ya mito ya pamoja yanaanzia hotelini, kwenye mikataba. Washiriki wanarudi makwao na cheti na mkoba bila kuwahi kusimama kwenye daraja moja wakapima maji pamoja. Geuza mpangilio huo. Waanze kupima, kisha waweke kumbukumbu, kisha wasome sheria, na mazungumzo yafuate. Watu waliopima pamoja wataweza kubishana kuhusu nini kifanyike, na huo ni ubishi wenye faida. Wasiopima pamoja watabishana hata kama mto umepungua au la.

Hatua ya 1: Chagua watu, na uwataje kwa kazi zao

Washiriki 20 hadi 24 wanatosha, nusu kwa nusu. Ukizidisha hapo, wengine watabaki kutazama wenzao wakipima. Kutoka Kenya wahitaji watu wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na viongozi wa vyama vya watumiaji maji, wale ambao kila mtu huwaita WRUA. Kutoka Tanzania wahitaji Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Mwanza, na viongozi wa jumuiya za watumia maji. Ongeza maafisa kilimo na mifugo, askari wa hifadhi kutoka Maasai Mara na Serengeti, na mwanasheria mmoja kwa kila upande.

Kuna mtu ambaye karibu kila mara husahaulika: msomaji wa geji. Huyu ni mwanakijiji anayeishi jirani na kituo cha kupimia kina cha mto. Asubuhi na jioni anashuka mtoni, anatazama ubao wenye alama za sentimita uliosimikwa ukingoni, ambao ndio geji, anaandika kina kwenye daftari na kurudi kwake. Malipo yake ni kidogo na mara nyingi yanachelewa. Akikosa kwenda wiki nzima, ripoti zote zinazoandikwa Nairobi, Dodoma na Kisumu kuhusu wiki hiyo ni makisio. Waandaaji hawamwaliki kwa sababu hana shahada. Mwalike, mketishe mbele, na siku ya kupima yeye ndiye aanze kueleza.

Waalike pia wanawake wanaochota maji mtoni kila siku. Wanajua ni mwezi gani maji hubadilika rangi na ni kisima kipi cha ukingoni hukauka kwanza, na hayo hayamo kwenye daftari lolote la serikali.

Barua ya mwaliko isiseme "tunaomba mtume mwakilishi". Ukiandika hivyo utaletewa yule ambaye zamu yake ya posho imefika. Andika wazi: tunamhitaji anayesoma kituo cha daraja la Bomet, tunamhitaji anayeshughulikia vibali vya maji wilaya ya Serengeti.

Mafunzo yaendeshwe kwa Kiswahili na makaratasi yaandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo. Mkipsigis wa Bomet, Mmaasai wa Talek, Mkuria wa Tarime na Mjaluo wa Rorya wote wataelewana hapo.

Hatua ya 2: Ruhusa, mpaka na posho

Anza miezi mitatu kabla. Barua zipitie wizara za maji za nchi zote mbili, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu ijulishwe, kwa kuwa ndicho chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinachosimamia mambo haya chini ya itifaki iliyotiwa saini mwaka 2003. Omba pia vibali vya kuingia hifadhini, kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, na kwa Kaunti ya Narok upande wa Kenya.

Usipange kuvuka mpaka ndani ya hifadhi. Ramani inaonyesha Maasai Mara na Serengeti zimegusana, na nyumbu huvuka watakavyo, lakini hakuna njia ya kawaida ya abiria hapo. Msafara wako utazunguka hadi Isebania na Sirari. Tenga siku nzima kwa ajili hiyo. Vifaa vya kupimia viwe na orodha yenye namba zake, pamoja na barua ya forodha inayosema vinaingia kwa muda na vitarudi. Kifaa cha kupima mwendo wa maji kikizuiliwa Sirari, siku mbili za mafunzo zimekwenda.

Kuhusu posho: kiwango kiwe kimoja kwa wote, kikubaliwe kabla ya siku ya kwanza. Washiriki wakigundua kuwa wa ng'ambo wanalipwa zaidi kwa kazi ile ile, hakuna somo la ushirikiano litakaloingia.

Fanya mafunzo kwa awamu mbili, mwezi Februari mto ukiwa chini na mwezi Mei masika yakiwa yamejaa. Mto unaosimamiwa na watu waliouona wakati mmoja tu wa mwaka husimamiwa nusu. Siku ya Mara, ambayo tangu 2012 huadhimishwa kila tarehe 15 Septemba kwa kupokezana nchi mwenyeji, haifai kufundishia kwa sababu wote wako kwenye sherehe. Inafaa sana kuonyeshea matokeo.

Hatua ya 3: Ufuateni mto kutoka juu kwenda chini

Siku tano ndani ya basi moja. Anzeni Mau, ambako msitu uliokatwa na mashamba yaliyosogea vinaeleza tope lote mtakalolikuta chini. Teremkeni hadi Bomet kuuona Nyangores, kisha Mulot kuuona Amala. Mito hii miwili ikikutana ndipo jina Mara linaanza. Pitieni Talek, ambako kambi za watalii zimesongamana ukingoni, mwone maji taka yao yanakwenda wapi. Baada ya kuzunguka mpaka, endeleeni hadi Mara Mines, kisha vinamasi vya chini, na mmalizie kwenye daraja la Kirumi.

Weka kanuni moja ya safari. Mkiwa upande wa Kenya, Mtanzania ndiye aseme kwanza anachokiona. Mkiwa upande wa Tanzania, Mkenya aanze. Mwenyeji asubiri. Kanuni hii inawazuia wenyeji kugeuza kila kituo kuwa hotuba ya mafanikio, na inamlazimu mgeni kutazama kwa makini, maana ataulizwa.

Hatua ya 4: Pimeni pamoja

Hapa ndipo utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Gawa washiriki wawili wawili, mmoja kutoka kila nchi, na jozi hizo zibaki hivyo hadi mwisho.

Usalama kwanza. Mara ina viboko na mamba wengi. Hakuna anayeingia majini kwenye mto mkuu, hata kama maji ni ya magotini na wenyeji wanavuka. Pimeni mkiwa juu ya daraja, kifaa kikining'inia kwenye kebo yenye uzito, na askari wa hifadhi awe karibu. Kuingia majini kwa miguu kufanyike kwenye vijito vya juu tu, baada ya wenyeji kuthibitisha kuwa ni salama.

Anza na njia isiyohitaji kifaa cha bei, kwa sababu siku kifaa kitakapoharibika ndiyo itakayobaki. Tafuteni mahali ambapo mto umenyooka na hauna mawe mengi. Pimeni mita 20 kando ya ukingo, mweke alama mwanzo na mwisho. Rusheni chungwa katikati ya mkondo, juu kidogo ya alama ya kwanza, na mpige saa. Chungwa linafaa kwa sababu sehemu kubwa yake huzama, upepo haulisukumi, na linaonekana kwa mbali. Rudieni mara kadhaa, kushoto, katikati na kulia, mchukue wastani.

Tuseme kijito kina upana wa mita 12 na kina cha wastani cha mita 0.8. Eneo la maji ni 12 × 0.8, yaani mita za mraba 9.6. Chungwa limetumia sekunde 25 kwa mita 20, kwa hiyo mwendo wa juu ni mita 0.8 kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, hivyo zidisha kwa 0.85 upate 0.68. Sasa 9.6 × 0.68 ni kama 6.5: mita za ujazo 6.5 zinapita hapo kila sekunde. Kila mshiriki afanye hesabu hii mwenyewe, na penseli, akiwemo mwanasheria.

Kisha hamieni kwenye kifaa chenye propela. Gaweni mto kwenye vipande 20 hivi, ili pasiwe na kipande kinachobeba zaidi ya asilimia 10 ya maji yote. Penye kina kifupi, pima mwendo mara moja, kwenye asilimia 60 ya kina kutoka juu. Penye kina kikubwa, pima kwenye asilimia 20 na asilimia 80, uchukue wastani.

Zoezi la maana kuliko yote ni hili: timu ya vifaa vya Kenya na timu ya vifaa vya Tanzania zipime daraja moja, saa moja, bila kuonyeshana. Majibu yasomwe kwa sauti. Yakitofautiana kwa asilimia tano au saba, sawa, mto wenyewe hautulii. Yakitofautiana kwa asilimia 20, msichukue wastani mkasonga mbele. Tafuteni sababu: propela haijahakikiwa kwa miaka, futi ya kupimia upana imelegea kwa upepo, kebo ilisukumwa na mkondo ikakaa mshazari na kina kikaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Mara nyingi sababu inapatikana siku hiyo hiyo, na wote wameiona ikipatikana.

Pimeni pia pande mbili za mpaka kwa siku moja, timu moja ikiwa daraja la Purungat upande wa Kenya na nyingine Kogatende upande wa Tanzania. Tofauti mtakayopata ielezwe: je, Mto Sand unaoingia karibu na mpaka ulikuwa na maji? Mvua ilinyesha usiku?

Mkifika Kirumi, waonyeshe kwa nini kina kikubwa hakimaanishi maji mengi yanayotoka mtoni. Ziwa likipanda, linarudisha maji nyuma na geji ya hapo inapanda hata kama mto umedhoofika. Mei 2020 Ziwa Victoria lilivunja rekodi ya kimo iliyokuwa imewekwa 1964. Aliyesoma geji za mdomoni mwa mto wakati huo bila kujua hali ya ziwa angedhani mto umefurika kwa miezi.

Hatua ya 5: Daftari moja

Leteni madaftari halisi ya vituo: Nyangores pale Bomet, ambacho namba yake ni 1LA03, Amala pale Kapkimolwa, 1LB02, na Mara Mines. Kumbukumbu za vituo hivi zinarudi nyuma miongo mingi, na zina mapengo. Yasomeni mapengo hayo kwa heshima. Mengine ni mafuriko yaliyong'oa ubao, mengine ni msomaji ambaye hakulipwa.

Kanuni zikubaliwe papo hapo na ziandikwe. Kina kwa mita, mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde. Mvua isomwe saa 3 asubuhi pande zote. Siku ambayo haikusomwa iandikwe "haikusomwa". Isijazwe kwa kukisia, hata kama bosi anataka jedwali lisilo na matundu. Ubao ukibadilishwa, mpima ardhi ahakikishe sifuri yake iko pale ilipokuwa, na tarehe ya kubadilishwa iandikwe. Na kila mtiririko uliokokotolewa uambatane na kina ulichotokana nacho, ili wa ng'ambo aweze kurudia hesabu.

Hatua ya 6: Sheria, sasa

Baada ya mto, sheria zinasomeka kwa urahisi. Anza na jambo linaloonekana kwa macho. Tanzania inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kanuni za Kenya zinataja kuanzia mita 6 hadi 30, kulingana na upana wa mto. Wapeleke washiriki ukingoni na futi, wapige vigingi kwenye 6, 30 na 60, kisha uwaulize shamba gani lingekuwa halali upande mmoja na haramu upande wa pili. Mjadala utajiendesha wenyewe. Pia wasome Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya 2009, wakitafuta pale zinapokubaliana: zote mbili zinatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, na zote zinataka mto ubakiziwe maji yake.

Historia iwe fupi lakini isirukwe. Mwaka 1962 Tanganyika ilitangaza kwamba haifungwi na makubaliano ya Nile ya 1929, yaliyofanywa na Uingereza kwa niaba ya makoloni yake. Mara inamwaga kwenye Ziwa Victoria, kwa hiyo nayo ni sehemu ya bonde la Nile. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile ulifunguliwa kwa saini Entebbe Mei 2010 na ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Tanzania ni miongoni mwa nchi sita zilizouridhia na kuufikisha hapo. Kenya ilitia saini 2010 lakini haikuwa kati ya hizo sita. Kwa Mara yenyewe, Kenya na Tanzania zilitia saini hati ya makubaliano ya usimamizi wa pamoja mwaka 2015. Hati hiyo isomwe neno kwa neno, kwa sababu ndiyo washiriki watakayoifanyia kazi.

Hatua ya 7: Mazungumzo, kila mtu akivaa viatu vya jirani

Wakenya wawakilishe Tanzania, Watanzania wawakilishe Kenya. Toa tatizo la kiangazi lenye namba za zoezi: mto una mita za ujazo 3.0 kwa sekunde. Akiba, yaani maji yasiyogawiwa kwa vibali bali yanayobakiziwa mto na watu wa ukingoni, ni 1.8. Imebaki 1.2. Vibali vya juu ya mpaka vinadai 1.1, vya chini 0.9, jumla 2.0.

Kundi la kwanza kwa kawaida hukimbilia kukata kila mmoja asilimia 40, juu wapate 0.66 na chini 0.54. Inaonekana haki mpaka mtu aulize ndani ya vibali hivyo kuna nini. Wape orodha: hospitali, mji, josho, shamba la mboga za kuuza nje, kambi ya watalii. Sasa wapange upya. Wengine watapendekeza umwagiliaji wa usiku kwa zamu, wengine mabwawa madogo ya kuvuna maji ya masika. Usiwape jibu. Wadai maandishi: nani atapunguza, kiasi gani, kuanzia kina gani kwenye geji gani, na nani atakwenda kukagua.

Kisha hamia kwenye mabwawa. Kwa miaka mingi kumekuwa na mapendekezo ya bwawa la Borenga upande wa Tanzania, na Norera na Mungango upande wa Kenya. Kila kundi liandike taarifa rasmi kwa jirani kuhusu bwawa moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 kuhusu mito ya pamoja unampa jirani miezi sita ya kujibu; tumieni muda huo kama kipimo cha zoezi. Barua nyingi za kwanza huwa na sifa za mradi na hazina takwimu. Irudishwe mpaka iwe na mtiririko wa kila mwezi kabla na baada ya bwawa.

Hatua ya 8: Siku samaki wakifa

Machi 2022 samaki walikufa kwa wingi katika Mto Mara upande wa Tanzania na maji yakabadilika rangi. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kuwa oksijeni ilipungua kutokana na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na uozo wa mimea. Maelezo hayo yalizua mjadala mkali nchini. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu Mara upande wa Kenya ulikuwa umeonyesha kwamba mafuriko yanaposukuma kinyesi cha viboko kutoka kwenye madimbwi, oksijeni hushuka na samaki hufa. Sababu zinaweza kuwa nyingi, na ndiyo maana sampuli za saa za mwanzo zina thamani kubwa.

Wafanyishe zoezi kamili. Simu ipigwe ng'ambo ndani ya saa moja. Oksijeni na joto la maji vipimwe papo hapo, na virudiwe alfajiri, wakati oksijeni huwa chini zaidi. Sampuli zichukuliwe juu ya tukio, kwenye tukio na chini yake. Kila sehemu ijaze chupa tatu: moja kwa maabara ya Kenya, moja ya Tanzania, na ya tatu ifungwe kwa lakiri na saini za pande zote, ikae kwenye barafu endapo majibu yatatofautiana. Wananchi waambiwe siku hiyo hiyo kipi kimepimwa na majibu yanatarajiwa lini, na waambiwe wasile samaki hao.

Hatua ya 9: Miezi sita baadaye

Cheti kisitolewe siku ya mwisho. Kila jozi ipeleke kazi nyumbani: kubadilishana visomo vya geji kila Jumatatu kwa simu, kwa miezi sita. Tenga fedha ya vocha na ya malipo ya wasomaji wa geji ndani ya bajeti ya mafunzo tangu mwanzo. Muda ukifika, fungua daftari na utazame siku zilizoandikwa "haikusomwa". Jozi iliyonyamaza itembelewe. Mara nyingi utakuta afisa amehamishwa na aliyempokea hajui kama kulikuwa na jozi. Ndiyo sababu ni vema kila ofisi iandae watu wawili.

Ukiupeleka mwongozo huu kwenye mto mwingine, badilisha hatua ya kwanza ya uwanjani. Kwenye Kagera, maporomoko ya Rusumo yana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, kwa hiyo anza na kimo cha maji nyuma ya bwawa na ratiba ya kuyaachia. Kwenye Songwe, ambao una kamisheni ya pamoja ya Tanzania na Malawi yenye makao Kyela, mto wenyewe ndio mpaka na hubadilisha mkondo baada ya mafuriko. Huko, kabla ya kurusha chungwa lolote, watembeze washiriki kingo zote mbili na ramani ya zamani mkononi, na uwaombe wenyeji waonyeshe mto ulipita wapi mara ya mwisho.